Mahali pa Kutundika Fagio la Mama

Asubuhi ile, kwenye benchi la barazani kwa Taherali mjini Shinyanga, walikuwapo hawa. Fundi Nkwabi, seremala, mume wa dada yangu, ambaye watu walimwita Futi kwa sababu futi yake ya kukunja haikutoka mfukoni hata kanisani. Mzee Donatus, aliyekuwa tarishi wa mahakama kwa muda mrefu mpaka akajifunza kuhukumu, akaitwa Hakimu. Marcel, aliyechimba dhahabu Geita akarudi na kikohozi na hadithi, na kwa kuwa kila neno lake lilianza na "kule chini", likawa ndilo jina lake. Mwinyimvua, Mzaramo wa pwani, muuza kahawa. Taherali mwenyewe, amesimama mlangoni mwa duka lake. Na mimi, Mama Generosa, karai langu la maandazi likiwa pembeni mwa benchi na mtoto mgongoni. Bhoke alikuja baadaye. Mama yangu mzazi, Mageni, hakuwapo. Alikuwa nyumbani, nyuma ya duka, na maneno yote ya siku ile yalikuwa yake.

Ilikuwa mwaka wa 1953. Mama alikuja kukaa nami kutoka Samuye baba alipofariki, na mume wangu Athanas alikuwa kazini mgodini Geita. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, lakini hakukubali kukaa bure. Alijichagulia kazi ya kufagia na kupiga deki ukumbi wa nyumba ya Taherali, ambamo tulipanga watu wengi. Mafagio yote yalisimamishwa nyuma ya mlango wa uani: fagio la ndani, fagio la uani, fagio refu la buibui, na dekio la matambara ya marekani. Mlango ukisukumwa, yalianguka yakalala njiani. Siku moja mama akajikwaa hapo, akaangukia bega.

Kaka yangu Mihayo alipopata habari alituma neno kwamba siku ya mnada anakuja na lori, na kama mama hawezi tena kazi za mjini, anarudi naye Samuye. Kaka si mtu mbaya. Lakini yeye hushinda machungani na mkewe hushinda shambani, na mama angekaa kutwa peke yake akisikiliza nzi. Mama alipoambiwa alisema tu, "Kama sina kazi hapa, nitakwenda." Kisha akaendelea kuchambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akitupa iliyo mizima na kubakiza mibovu.

Hakuna aliyemwomba Nkwabi afanye kitu. Asubuhi ile alitokea tu na ubao kwapani. Aliwahi kuona mfano wake hospitali ya misheni alipokwenda kutengeneza milango. Taherali alimpa ubao wa sanduku la sabuni, naye akautia vigingi viwiliwili, vya kubana mpini katikati. Kingo zote alikuwa amezipiga msasa mpaka zikalainika kama kibuyu, ili mkono usioongozwa na macho usichomwe.

Hakimu: Hiki ni kitu gani? Ngazi ya kuku?

Futi: Ubao wa mafagio. Unapigiliwa ukutani. Fagio linabanwa hapa, shingoni, linaning'inia, na njia inabaki nyeupe.

Hakimu: Fagio halining'inii. Fagio limeumbwa kukaa chini.

Futi: Likikaa chini ndipo mkwe wangu anaanguka.

Hakimu: Aende taratibu. Mwenda pole hajikwai.

Mimi: Alikwenda pole, mzee. Akajikwaa.

Hakimu: Basi hakwenda pole ya kutosha.

Mwinyimvua akamjazia kikombe, kama ajazavyo kikombe cha mtu anayetaka kumnyamazisha. Haikusaidia, maana Kule Chini alikuwa ameshauchukua ubao na kuupakata kama mtoto.

Kule Chini: Mwacheni Futi. Kule chini kila chombo kina msumari wake ukutani. Sururu hapa, beleshi hapa. Jioni msimamizi hahesabu watu, anatazama ukuta tu. Akiona msumari mtupu, anajua kuna mtu hajatoka.

Taherali: Utaratibu mzuri huo.

Kule Chini: Mzuri? Sasa fikiri. Mafagio yako ukutani. Unaamka asubuhi, nafasi moja tupu. Nani hajatoka?

Hakimu: Hajatoka wapi?

Kule Chini: Chini.

Futi: Marcel, chini ya ukumbi ule hakuna mtu.

Kule Chini: Umechimba?

Nkwabi alikiri kwamba hakuchimba. Kule Chini akanywa kahawa yake polepole, kama mtu aliyeshinda kesi, na jambo hilo likamuudhi Hakimu.

Hakimu: Mimi natazama upande wa sheria. Fagio ni mtumishi. Mtumishi akiwekwa juu kuliko kichwa cha mwenye nyumba, atamtawala. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

Mwinyimvua: Walisema hivyo kwa ajili ya fagio?

Hakimu: Walisema kwa ajili ya kila kitu, wakatuachia sisi kuchagua.

Taherali: Mimi swali langu ni ukuta. Ukuta ule ni wa udongo, plasta iko juu juu tu. Misumari ikiingia, plasta itadondoka kama ngozi ya kiazi.

Kule Chini: Usilie na plasta, Taherali, wakati utajiri unakuja. Nikwambie kitu? Watu wa nchi hii wanafagia na kutupa jalalani. Vumbi letu si vumbi. Kule chini tulikuwa tunakung'uta viatu kabla ya kutoka, na si kwa sababu ya usafi.

Taherali: Unasema nini?

Kule Chini: Fagio likilala, vumbi linatawanyika. Likitundikwa kichwa juu, vumbi linateremka na mpini, taratibu, kila siku mahali palepale. Mjukuu wako atakuja na karai na maji, achote hapo chini ya ubao, atikise.

Taherali akafikiri. Nilimwona akitazama nyuma, upande wa ukumbi.

Taherali: Kona ile ni yangu.

Kule Chini: Mafagio ni ya wapangaji.

Hakimu: Hapo sasa pana kesi. Dhahabu ni ya mwenye ukuta au ya mwenye fagio?

Futi: Ya mwenye kuinama kila siku.

Lakini Hakimu hakupenda kesi ihukumiwe na mtu mwingine.

Hakimu: Haya, na nyumba zote zikiiga? Kila nyumba itaweka uzito upande mmoja, upande wa uani. Nyua zote za mtaa huu zinaelekea stesheni. Nyumba zitaelemea, moja baada ya nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Mtaa mzima utalala kuelekea stesheni.

Mwinyimvua: Ndiyo faida yake. Tutapanda treni bila kubeba mizigo.

Walicheka, nami nikacheka nao, lakini andazi moja liliniungulia karaini, maana mnada ulikuwa karibu. Nkwabi akaliona lile andazi. Alilichukua, akalila lilivyo, jeusi.

Futi: Shemeji, ubao huu naupigilia leo hii. Akija Mihayo atakuta njia nyeupe.

Taherali: Utaupigilia wapi?

Futi: Palepale karibu na mlango. Kwa urefu wa kawaida.

Akanyoosha mkono usawa wa macho yake kuonyesha urefu wa kawaida. Nkwabi ni mtu ambaye huinamisha kichwa akiingia nyumba nyingi za mji huu.

Ndipo akaja Bhoke na chupa yake ya mafuta ya taa. Mumewe alikuwa askari aliyehamishwa kutoka Musoma, na yeye alikuwa bado mgeni, bado anaogopa kukosea. Akapiga goti kidogo, akawaambia wazee shikamoo, wakaitika marahaba. Alipokuwa akisubiri chupa ijazwe alisikiliza, akautazama ule ubao, akautazama mkono wa Nkwabi uliokuwa bado hewani.

Bhoke: Samahani wazee, mimi mgeni. Huyo mama, mkono wake unafika wapi?

Nkwabi akashusha mkono. Akatoa futi yake mfukoni, akaikunjua yote, akaitazama, akaikunja tena.

Hakimu: Ajibu fundi.

Futi: Mimi ni mkwe wake, mzee. Nikipita anajifunika kanga, nami natazama pembeni. Tangu nimuoe binti yake sijapata kumwona amesimama wima.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mkwilima na mama wa mkewe hawakaribiani, hawaingii chumba kimoja, hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima. Nkwabi alikuwa amepima kila kitu duniani isipokuwa yule aliyemfanyia kazi.

Hakimu: Basi aende Marcel.

Kule Chini: Mimi na Athanas ni ukoo mmoja. Na mimi ni mkwe. Nenda wewe.

Hakimu: Mimi niketi na marehemu mumewe kila alipokuja mjini, halafu leo niingie kwa mjane wake na futi mkononi? Watu watanifungulia kesi, na nitakuwa sina hakimu.

Taherali: Mimi nikiingia atadhani namfukuza kwenye nyumba.

Wote wakanitazama mimi.

Mimi: Nilimwuliza jana. Alisema, weka popote, ninafika.

Bhoke: Umemwona akifika?

Nikataka kusema ndiyo. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu alipoanguka mama alikuwa hatupi tena kanga yake begani. Alikuwa akiifunga chini ya kwapa. Karai la kuogea lililotundikwa juu msumarini, aliniambia nimshushie kwa kuwa mimi ni mrefu, wakati mimi na yeye tunalingana. Nilidhani ni mapenzi tu, mama anataka kuhudumiwa na mwanawe.

Bhoke: Wazee wakiogopa kupelekwa mahali, wanafika kila mahali.

Alisema polepole, akipokea chupa yake. Hakusema amejulia wapi neno hilo, nasi hatukumwuliza.

Mimi: Kwangu hatasema kweli. Anaona nitamwambia Mihayo.

Futi: Basi tutakisia.

Mwinyimvua: Hebu subirini. Mtani wake amekaa hapa tangu asubuhi anawamiminia kahawa, na hamumwoni?

Tulimtazama kama ndiyo kwanza afike. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu. Mtani haogopi mlango wala mkwe. Anaweza kukutukana msibani, anaweza kuchukua kuku wako akaenda naye, nawe ukamcheka tu. Mwinyimvua akafunga kanzu yake kiunoni, akachukua dele lake la kahawa.

Hakimu: Na kahawa inakwenda wapi?

Mwinyimvua: Inakwenda na mimi. Nikiiacha kwenu nitakuta dele limenywewa hadi bomba.

Nikamwomba Taherali anitazamie karai. Alikunja mikono ya shati lake safi akachuchumaa pembeni ya moto, na kumbe mtu yule alijua kugeuza maandazi kuliko mimi. Bhoke akaketi pale karibu, kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

Mama alikuwa ukumbini, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, fagio la ndani mapajani. Mwinyimvua hakubisha hodi. Mimi nikabaki kizingitini.

Mwinyimvua: Mke wangu Mageni. Simama upesi, nimekuja kukupima sanda.

Mama: Nani huyo anayenuka nazi?

Mwinyimvua: Mumeo. Ninyi wala michembe mkifa mnasumbua, hakuna ajuaye urefu wenu kwa sababu maisha yenu yote mmeinama. Simama nipime mapema, nguo iko bei nzuri leo.

Mama akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke. Akashika ukuta, akasimama.

Mama: Pima, mwizi. Lakini ukikata fupi, nitafufuka nikufuate mpaka baharini.

Mwinyimvua: Nyoosha na mkono. Sanda ya Msukuma inapimwa na mkono ukiwa juu, maana hata kaburini mtakuwa mnaomba chumvi.

Mama akainua mkono wa kulia. Ulipanda ukafika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukasimama hapo. Mwinyimvua akangoja. Hakumhimiza wala hakumshika. Kicheko cha mama kikapungua kidogo kidogo, kama moto ulioondolewa kuni.

Mama: Hapo. Ndipo ninapofika, mtani. Usimwambie mtu.

Mwinyimvua: Sanda fupi hii. Nitapata faida kubwa.

Akatia kidole kwenye bomba la dele, akakitoa na mashapo ya kahawa, akapaka alama ukutani penye ncha ya vidole vya mama. Alifanya hivyo akiendelea kuwatukana Wasukuma wote na ng'ombe wao, mpaka mama akacheka tena. Wakati huo Generosa mgongoni mwangu akapiga kelele za kitoto, na mama akageuza uso mlangoni.

Mama: Na wewe umesikia.

Mimi: Nimesikia, mayu.

Mama: Utamwambia Mihayo?

Mimi: Nitamwambia ubao umewekwa chini.

Kisha akakalia kigoda chake, akamwambia Mwinyimvua kwamba mwanamume anayekuja kwa mkewe na dele halafu asimmiminie hata kikombe ni aibu ya pwani nzima. Mwinyimvua akammiminia. Kikombe kile kilikuwa cha mwisho, nilisikia dele likikoroma.

Tuliporudi barazani, Nkwabi alisimama.

Futi: Wapi?

Mwinyimvua: Kifuani. Nimetia alama.

Futi: Kifuani? Fagio la buibui likiwekwa hapo mpini utagusa sakafu.

Akauchukua ubao, akaugeuza, akafikiri. Sote tukangoja.

Futi: Basi hayataning'inia. Yatasimama chini, na ubao utayabana kiunoni. Hayataanguka, na yeye atavuta tu kuja kwake. Ni bora kuliko nilivyofikiri mimi.

Hakimu: Nilisema mimi. Fagio halining'inii. Kesi imekwisha, leteni kahawa.

Mwinyimvua: Kahawa amekunywa mke wangu.

Kule Chini: Yote?

Mwinyimvua: Amefika mpaka chini.

Kule Chini akavaa kofia yake. Lakini hawakuondoka. Hakimu alishika misumari, Kule Chini akabeba nyundo, wakamsindikiza Nkwabi mpaka mlango wa mbele wa nyumba, wakasimama hapo nje kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe.

Nkwabi akakohoa. Mama akasikia, akatoka uani kwa mlango wa nyuma, akaketi huku ametupa mgongo. Ndipo Nkwabi akaingia. Akapiga msumari wa kwanza taratibu sana kwa ajili ya plasta, na Taherali, aliyeacha karai kwa Bhoke ili aje kuangalia ukuta wake, akasahau kuuangalia.

Mama alisema kutoka uani: Generosa, mwambie baba yako mkubwa kwamba nyundo yake ina adabu.

Generosa alikuwa hajajua kusema bado. Alikuwa akitafuna andazi.

Futi: Generosa, mwambie bibi kazi imekwisha. Mimi nimetoka, aje ajaribu.

Akatoka mbele, mama akaingia nyuma. Mkono wake ukatembea ukutani, ukapata ukingo wa ubao, ukaufuata polepole. Ukapita kigingi cha kwanza, ukapita cha pili. Ukalishika fagio la ndani, ukalivuta. Likatoka bila kelele, na mengine yakabaki yamesimama. Akalirudisha. Akalitoa tena. Njia mbele ya mlango ilikuwa nyeupe, hakuna kilicholala.

Mama: Generosa, mwambie huyo mtu, wabeja, asante. Mwambie na mwenzake wa nazi.

Hakimu alifungua mdomo, nadhani kulikuwa na methali njiani, lakini akaufunga. Nami nilirudi kwenye karai langu, nikamkuta Bhoke amepanga maandazi yote vizuri kwenye sinia, yaliyoungua ameyaweka chini kabisa, yaliyoiva juu.

Mwaka uliofuata Taherali alipopaka chokaa nyumba nzima, aliruka ile alama ya kahawa. Lakini siku ile ya mnada Mihayo alikuja na lori kama alivyosema, akamkuta mama anapiga deki ukumbi. Alirudi Samuye na gunia la chumvi tu.